Mlango wa Betri

Kamera ya Canon EOS 5D, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2005, ina kifuniko kidogo cha plastiki chini ya mshiko wa mkono wa kulia. Ukitelezesha kikufuli chake kwa ncha ya kidole kifuniko kinafunguka, na ndani imelala betri ya BP-511A, nzito kidogo kuliko mtu anavyotarajia kwa ukubwa wake, imeandikwa volti 7.4 na mAh 1390. Betri hiyo haikutengenezwa idumu miaka ishirini. Ndani mna seli mbili za lithiamu, na tangu zilipotoka kiwandani zimekuwa zikizeeka, zitumike zisitumike. Utando mwembamba unajijenga juu ya upande hasi, unanasa lithiamu kidogo kidogo ambayo hairudi tena kazini, na joto la kabati linauharakisha. Hufika siku taa ya chaja inasema betri imejaa, mtu anapiga picha kumi, kamera inazima. Anaulizia betri nyingine, orijino akiipata, ya kopi akikosa. Anaitia, anafunga kifuniko, kamera inawaka. Ukimuuliza kama kamera aliyonayo ni ileile ya jana atakushangaa. Ni ileile, iwe nyingine kivipi? Nataka kukaa kidogo kwenye mshangao wake, kwa sababu jibu lake ni sahihi, ila sababu yake haiko pale wengi wetu tungeitafuta.

Wanafalsafa wana swali la kale linalofanana na hili. Plutarch ameandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus, yenye makasia thelathini, wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi wenye kupenda hoja wakagawanyika: hawa wakisema merikebu ni ileile, wale wakikataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalikoroga zaidi. Tuseme, alisema, kuna mtu aliyeziokota mbao kuukuu zote na kuziunganisha upya kwa mpangilio wake wa mwanzo. Sasa merikebu ni mbili, ipi ni ya Theseus? Mkulima hahitaji kwenda Athene kulielewa swali hili, maana jembe lake limekwisha kumfundisha. Na Kiswahili, kwa jembe, kimechagua upande zamani: jembe ni kile chuma, mpini ni mpini. Badilisha mpini mara tano, jembe lako unalo. Badilisha chuma, na ulichonacho ni mpini wa zamani kwenye jembe jipya. Lugha haikungoja mbao zote ziishe ndipo iulize. Ilipanga mapema kipi ni kitu chenyewe na kipi kinakipitia tu. Mbao za merikebu hazina mpango huo. Hakuna ubao ulioandikwa kwamba wewe ni wa kuondoka na yule ni wa kubaki, na ndiyo maana fumbo lile halifunguki. Kamera yenye kifuniko inafanana na jembe. Aliyeichora aliweka mpaka, akaweka na mlango kwenye mpaka.

Hoja yangu basi ni hii: kubadilisha betri hakuigusi nafsi ya kamera kwa sababu betri ni riziki yake, haikuwa kiungo chake tangu mwanzo, na kinachoamua kama kitu fulani ni riziki au kiungo ni namna kitu kilivyofanywa kupokea. Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Betri ndiyo roho ya kamera, mtu atasema. Itoe uone kama hilo dude lina maana yoyote. Lenzi itakuwa kioo, sensa itakuwa kipande cha silikoni, na kamera nzima itafaa kuzuia karatasi zisipeperuke. Ni kweli haitafanya kazi. Lakini mtu asiyekula siku nyingi naye hafanyi kazi, na hakuna aliyewahi kusema ugali ndio roho yake. Kutegemewa kwa kila tendo hakutoshi kukifanya kitu kuwa nafsi ya kingine, na historia ya kamera zenyewe inalionyesha hili vizuri. Leica M3 ya mwaka 1954 haina betri hata moja, na hakuna anayesema haina roho. Nikon FM2 ya mwaka 1982 ina vibetri viwili vidogo kama vifungo vya shati, navyo vinalisha kipima mwanga peke yake. Vikiisha, pazia lake la chuma linaendelea kufunguka na kufunga, hata kwa kasi ya sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, kwa nguvu ya springi uliyoivuta kwa kidole gumba. Kisha kuna Polaroid SX-70 ya mwaka 1972, ambayo kwa hoja yangu ni shahidi bora kuliko wote. Kamera ile haikuwa na betri yake. Betri ilikuwa bapa, ya volti 6, imewekwa chini ya kila pakiti ya filamu ya picha kumi. Ulipotia pakiti uliipa kamera karatasi na nguvu kwa pamoja, na picha ya kumi ilipotoka vyote viwili viliondoka. Kama betri ni roho, SX-70 ilifufuka kila baada ya picha kumi, na kila mara kwa roho tofauti. Ni rahisi zaidi kusema ilikuwa inakula.

Tofauti hii ya kitu na kinachokilisha mafakihi waliipima zamani, tena kwa umakini kuliko wanafalsafa, kwa sababu kwao ilikuwa na gharama. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yameenea pwani yetu, kitu hakiwekwi wakfu ila kiwe cha kunufaika nacho huku chenyewe kikibaki. Nyumba inafaa, kisima kinafaa, kitabu kinafaa. Chakula hakifai, kwa kuwa huwezi kunufaika nacho bila kukimaliza. Kwa kipimo hicho kamera inaweza kuwekwa wakfu kwa madrasa au kwa chama cha vijana, na chaji iliyomo ndani yake haiwezi. Betri yenyewe inasimama katikati. Haiishi kwa tendo moja kama chakula, wala haibaki kama kisima. Inaisha kwa kuchajiwa mara mia kadhaa, na kila mara inarudi pungufu kidogo. Naiona kuwa karibu zaidi na kamba ya kisimani. Kamba huchakaa kwa kuvutwa, hubadilishwa, na hakuna mwanakijiji anayesema kisima kilichowekwa wakfu na marehemu fulani kimekuwa kisima kingine kwa kuwa kamba ni ya juzi. Wala hasemi kamba si kitu. Bila kamba hakuna maji.

Yuko atakayesema haya yote ni maneno tu. Kamera ni jina tunalolipa rundo la plastiki, magnesi na kioo; sisi ndio tunaoamua rundo gani liitwe lilelile, na kama ni uamuzi wetu basi hakuna cha kuthibitisha. Pingamizi hili lina ukoo mzuri. Wanatheolojia wa Kiashari walikwenda mbali zaidi: walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu hata nyakati mbili, kwamba Mungu anaziumba upya kila papo, na kuendelea kwa vitu tunakokuona ni desturi Yake anayoifanya ijirudie. Siwezi kuwapinga, na sina haja. Hata wao walipomaliza darasa walirudi kwenye nyumba zilezile na kudai madeni kwa wadeni walewale. Swali linalonihusu liko ngazi ya chini kidogo: kati ya maamuzi yetu kuhusu kipi ni kilekile, je, yapo yanayoshika na yanayoteleza? Chukua mwizi. Ameiba kamera, ametumia betri mpaka ikafa, ametubu, ameirudisha kamera ikiwa na betri nyingine. Anadaiwa nini? Sidhani kuna kadhi au hakimu atakayesema bado anadaiwa kamera. Sasa mgeuze: ameirudisha betri ileile, imo ndani ya kamera nyingine ya aina hiyo. Huyu hajarudisha kitu. Namba inayoitambulisha kamera imechapwa kwenye mwili wake, na polisi akiandika maelezo ataiandika hiyo, hatafungua kifuniko kuitafuta betri. Kama ni desturi tu, ni desturi ambayo haki yenyewe inaiegemea, na mtu akitaka kuing'oa atapaswa kung'oa vingi pamoja nayo.

Kumbukumbu inaleta ugumu mzito zaidi. John Locke alishikilia kwamba mtu ni yuleyule kwa kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya zamani, na wako wanaotaka kuikopesha kamera kipimo hicho. EOS 5D ina betri ya pili, CR2016, mviringo kama sarafu, ambayo kazi yake ni kulisha saa ya ndani wakati betri kubwa haipo. Hii nayo inakufa, kimyakimya, na mwenye kamera hajui mpaka siku anapotia betri mpya kubwa akakuta kamera haijui ni lini. Inamtaka aweke mwaka, mwezi, siku, saa. Picha ilizozipiga haina hata moja ndani yake. Ziko kwenye kadi, na kadi huenda iko kwa mtu mwingine. Kwa kipimo cha Locke tungelazimika kusema kamera hii imezaliwa sasa hivi. Lakini doa lililo kwenye sensa litaonekana pale pale kwenye kila picha ya anga jeupe, kona ileile. Mpira wa mshiko umebabuka pale pale. Mfumo wa kulenga uliozoea kukosea kidogo bado unakosea vilevile. Kamera imesahau na bado ni yenyewe. Mtu aliyewahi kumuuguza mzee aliyepoteza kumbukumbu hatashangazwa na hili, na pengine atamwona Locke amekosea pakubwa kuliko kwenye kamera. Mwishoni mwa karne ya 11 Ghazali, akijibizana na wanafalsafa waliodai mwili hauwezi kufufuliwa kwa kuwa udongo wake umeshatawanyika na kuwa miili ya wengine, alijibu kwamba nafsi ikirudishiwa mwili, uwe wa maada ileile au nyingine au iliyoumbwa upya, mtu ni yuleyule. Kamera haina nafsi, na sitaki kumsingizia Ghazali maneno juu ya vyombo vya umeme. Ninachokichukua kwake ni mantiki ya hatua moja: ukishajua kitu kinashikiliwa na nini, kubadilika kwa maada iliyokizunguka hakukutishi.

Na hapa ndipo hoja inapoacha kuwa mchezo wa darasani. Nilisema mpaka kati ya riziki na kiungo uliwekwa na aliyechora kamera. Basi anaweza pia kuufuta. Mwaka 2017 jina la Polaroid lilirudi na kamera ya OneStep 2. Filamu yake mpya haikuwa tena na betri kwenye pakiti, betri ya lithiamu imo ndani ya kamera, unaichaji kwa waya, na hakuna mlango wa kuitolea. Baadhi ya kamera ndogo za michezo zimefuata njia hiyo, na simu karibu zote. Kwa jicho la mhandisi hapo kimebadilika kitu kidogo, mahali pa kuwekea betri. Kwa hoja yangu kimebadilika kikubwa: riziki imefanywa kiungo. Umri wa kitu kizima sasa ni umri wa sehemu yake inayokufa mapema kuliko zote. Sensa ingeweza kuendelea, lenzi ingeweza kumzika mwenyewe, lakini vimefungiwa pamoja na seli ambayo kila mtu kiwandani alijua itachoka. Katika dini zetu, sifa ya kutohitaji chochote ni ya Mungu peke yake. Yeye ndiye Mkwasi, na kila kilichoumbwa kinajulikana kwa uhitaji wake. Mlango wa betri ni ungamo la uhitaji huo, limewekwa hadharani na bawaba yake. Kitu laini kisicho na mlango, kilichobandikwa kwa gundi pande zote, kinavaa sura ya kujitosheleza, na ni sura ya uongo kwa miaka mitatu au minne hivi.

Watengenezaji wana majibu, na si yote ya kupuuzwa. Maji ni jibu la kweli: kila mlango ni ufa, na kamera ya kuzama baharini inapata nafuu ikiwa na nyufa chache. Ila kamera za kupigia chini ya maji zenye mlango wa betri wenye mpira wa kuzuia maji zipo miaka mingi, kwa hiyo jibu hili linaeleza baadhi tu ya gundi. Usalama pia ni jibu la kweli. Mwaka 2009 Panasonic ilitoa programu mpya kwa baadhi ya kamera zake iliyozifanya zikatae betri za makampuni mengine, ikataja usalama. Betri feki kweli zipo; seli isiyo na saketi ya ulinzi inaweza kuvimba au kuwaka, na fundi yeyote wa simu ameshaziona zilizotuna kama andazi. Lakini sumu sokoni haimpi mpishi mmoja haki ya kuuziba mdomo wa mteja asile kwingine. Inatoa haki ya kukagua chakula. Umoja wa Ulaya umelipima jambo hili kwa sheria: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ndogo za vyombo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa vifaa vya kawaida, zipatikane kama vipuri kwa angalau miaka 5 baada ya toleo la mwisho kuuzwa, na programu isitumike kumzuia anayetia betri nyingine inayofaa. Vyombo vya majini vimepewa nafuu yao. Ni sheria ya soko, haina neno lolote la metafizikia, na bado inarudisha kitu mahali pake: inasema hiki ni riziki, kiacheni kiwe riziki.

Mpaka hapa nimemtetea anayebadilisha betri kana kwamba mikono yake ni safi. Betri nyingi za kamera za miaka ile zimejengwa kwa kemia aliyoivumbua John Goodenough na wenzake Oxford mwaka 1980, oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo Akira Yoshino aliitumia kuunda betri iliyokubali kuchajiwa bila hatari kubwa, na Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Katika oksidi hiyo kobalti peke yake ni kama asilimia 60 ya uzito. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na kitovu chake ni Kolwezi, mji ambao watu wake wanasema Kiswahili. Huko, kando ya migodi mikubwa ya mashine, wako wachimbaji wanaoshuka mashimoni kwa kamba na kupanda na magunia, na imeandikwa mara nyingi kwamba wamo watoto. Kwa hiyo anayenunua betri mpya kwa kamera kuukuu ananunua tena gramu kadhaa za ardhi hiyo. Je, kuchelea israfu kunamfaa nini? Kunamfaa kwa kipimo chake. Anayetupa kamera na kununua mpya naye ananunua betri, kobalti yake ikiwamo, kisha juu yake sensa nyingine, kioo kingine, saketi nyingine na dhahabu iliyopakwa kwenye saketi. Anayebadilisha betri analipa deni dogo lililomo ndani ya lile kubwa. Hilo halimfanyi asiwe mdeni. Nadhani heshima inayompasa mchimbaji wa Kolwezi ni kutoiita betri "vitu vya bei rahisi", na hata neno riziki, ambalo nimelitumia tangu mwanzo, linapaswa kukumbusha kwamba riziki ya mmoja hupita mikononi mwa mwingine.

Kuna pingamizi la wachamungu ambalo nitalijibu kwa ufupi, kwa kuwa naliona jepesi: kwamba kuhangaikia kamera ya miaka ishirini ni kuipenda dunia, na mwenye zuhudi aache vitu viende. Vinakwenda wapi? Anayetupa ili anunue hajaacha kitu. Ameongeza safari za dukani. Kubadilisha betri kunachukua nusu dakika, kisha mtu anaendelea na mambo yake.

Iliyotolewa inabaki mkononi. Haifai kuitia tena kwenye chaja ikiwa imelala tupu miaka mingi, kwa sababu volti zake zikishuka mno shaba ya ndani huyeyuka na ikichajiwa hujikusanya pasipopasa, ikaunganisha kisichotakiwa kuungana. Haifai kwenye jaa wala kwenye moto. Watu wenye uangalifu hubandika utepe juu ya vituo vyake vya umeme na kuiweka kwenye kopo, ingoje. Muokota mbao wa Hobbes, aliyekuwa mzaha wa kifalsafa, siku hizi yupo kweli: Hoboken, kitongoji cha Antwerp huko Ubelgiji, kampuni ya Umicore inayeyusha betri zilizokufa na kupata tena kobalti, nikeli na shaba, na kobalti hiyo inaweza kuingia kwenye betri nyingine, ndani ya kamera ya mtu asiyejulikana. Hakuna atakayedai kwamba kamera yake ya zamani imo humo. Kutoka Dar es Salaam au Kisumu hadi tanuri lile ni mbali, na kopo linaendelea kungoja. Ukiipima betri hiyo kwenye mizani ya dukani, uzito wake ni uleule wa siku iliponunuliwa. Kobalti iko yote, gramu kwa gramu, lithiamu nayo iko, imenasa tu pasipostahili.